Asiuze Mtu Asichokimiliki: Mwanafunzi, Wakala na Viza ya Mafunzo Ughaibuni



Ndugu wasomaji, sisi watu wa Mombasa twaijua chai kwa sura mbili. Twaijua ikiwa kikombeni, na twaijua ikiwa mifukoni, imepangwa katika maghala ya Shimanzi na Changamwe ikingoja mnada wa kila wiki. Sura yake ya tatu, ile ya shambani, wengi wetu hatujapata kuiona. Sisi tulijaaliwa kuiona msimu wa bonasi uliopita, tulipokwenda Kapkatet kumwozesha mpwa wetu.

Kapkatet ni mji mdogo wa Kaunti ya Kericho, karibu na mpaka wa Bomet, kwenye barabara itokayo Sotik kuelekea Litein. Ukishuka garini wakuta soko, hospitali na kiwanda cha chai, na pande zote vilima vilivyofunikwa kijani kibichi kana kwamba vimetandikwa zulia. Mkulima mdogo wa huko hulipwa kila mwezi kiasi fulani kwa kilo ya majani mabichi aliyoyapeleka kiwandani. Kisha, mnamo mwezi wa Oktoba, hupokea malipo ya pili ambayo wenyewe huyaita bonasi. Bonasi ndiyo karo, ndiyo mabati, ndiyo ng'ombe, ndiyo harusi. Na kwa kuwa kila mtu aijua tarehe yake, wavizi nao waijua.

Baba wa bibi harusi ni mzee wa Kikipsigis aliyesilimu ujanani, alipokuwa mchukuzi katika ghala moja la Shimanzi. Kiswahili chake kina harufu ya bandari hata leo. Baada ya nikaha na chakula, watu walipotawanyika, alitukalisha mbele ya chai ya maziwa na akatoa bahasha chini ya mto wa kiti.

"Sheikh," akasema, "nilipokuwa kwenu nilifunzwa kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe ni mtu wa kitabu. Hebu tusomee hii."

Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa barua ikisema kuwa mwanawe wa pili, kijana wa mwaka wa tatu katika chuo kikuu, anayesomea sayansi ya vyakula, amepata nafasi ya mafunzo kazini huko Marekani kwa mwaka mmoja, katika kiwanda cha vyakula, kwa viza ya mabadilishano. Ya pili ilikuwa stakabadhi ya shilingi 20,000, iliyoandikwa "ada ya fomu". Chini yake, kwa herufi ndogo, pameandikwa kwamba fedha zikishalipwa hazirudishwi. Wakala alikuwa akitaka 380,000 kwa jumla, na nusu yake ilikuwa ilipwe Ijumaa ile. Bonasi peke yake haikutosha, kwa hiyo mzee alikuwa amekwisha kuzungumza na jirani amkodishe michai yake kwa miaka mitano.

Tulisoma barua ile mara mbili, kisha tukamwita kijana akaketi nasi.

Viza si bidhaa

Tuliwaambia jambo moja, na ndilo tunalotaka kila mzazi msomaji wa jarida hili alihifadhi. Katika mafunzo ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kuna katazo mashuhuri linalojulikana na kila mwanafunzi wa fiqhi: mtu asiuze kitu asichokuwa nacho. Muuzaji wa samaki hauzi samaki aliye baharini. Basi viza ni ya nani? Ni ya serikali ya nchi iendewayo, na hutolewa na afisa wa ubalozi baada ya kumhoji mwombaji. Si mali ya wakala, wala ya chuo, wala ya mwajiri. Anayekuambia "nipe fedha nikupe viza" anauza asichokimiliki, na bei anayoipokea ni bei ya hewa.

Kijana akajibu kwa adabu, lakini kwa uchungu: "Lakini Sheikh, hata ubalozi hutoza."

Neno lake lilikuwa la kweli. Ubalozi wa Marekani hutoza dola 185 kwa ombi la viza ya aina hii, inayoitwa J-1. Kuna na ada nyingine ya dola 220 ya mfumo wa serikali yao wa kuwasajili wageni wa mabadilishano, uitwao SEVIS. Lakini yazingatiwe haya: ile ya ubalozi ni ujira wa kulichunguza ombi, si bei ya viza. Ukikataliwa haikurudii, na hilo hulijua kabla ya kulipa. Hakuna aliyekuahidi kitu kisha akakuvunjia ahadi. Wakala wetu yeye aliahidi viza "kwa uhakika, ndani ya wiki sita". Uhakika huo hata balozi mwenyewe hawezi kumwahidi mwombaji.

Tukipiga hesabu ya ada zile mbili, ni dola 405, yaani kama shilingi elfu hamsini na kitu kwa kiwango cha fedha cha siku zile. Si kwamba gharama huishia hapo. Kuna ada ya shirika linalosimamia mpango, bima ya afya ambayo ni lazima, na tiketi ya ndege. Ila kila moja ina jina lake, ina mpokeaji wake na ina stakabadhi yake. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Shilingi 380,000 zilizoandikwa kwa neno moja tu, "gharama", ni mali isiyo na daftari.

Mpangilio wa haki wa karatasi

Wengi hudhani kuwa viza hutangulia na kazi hufuata. Mambo ni kinyume chake. Kwanza mwanafunzi hupata mahali pa kujifunzia kazi. Kisha shirika lililoidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani humkubali na kumdhamini. Kisha shirika hilo humpa hati iitwayo DS-2019. Hapo ndipo hulipa ada ya SEVIS, hujaza fomu ya viza mtandaoni, na huomba siku ya mahojiano ubalozini, Gigiri, Nairobi. Asiye na DS-2019 hana la kupeleka huko.

Orodha ya mashirika yaliyoidhinishwa i wazi katika tovuti ya Wizara hiyo. Usiku ule tuliitazama kwa simu ya kijana mwenyewe, na jina lililokuwa kwenye barua hatukuliona.

Tena kuna hati nyingine, mpango wa mafunzo, ambayo hutiwa saini na mwanafunzi, mwajiri na shirika. Humo huandikwa atafundishwa nini, na nani atamsimamia. Kanuni zao zasema mafunzo haya ni ya mtu aliye masomoni katika chuo nje ya Marekani, au aliyehitimu si zaidi ya miezi 12 iliyopita. Kwamba muda wake hauzidi miezi 12. Kwamba kazi ihusiane na fani anayoisomea. Na kwamba haifai kumweka katika kazi isiyohitaji ujuzi, wala katika kulea watoto au kutunza wazee. Barua ya wakala ilisema kijana "atafungasha na kusafisha, zamu ya usiku". Hiyo ni kazi halali ya mikono na haina aibu, ila siyo mafunzo ya mwanasayansi wa vyakula, na viza ya mafunzo haikuwekwa kwa ajili yake.

Mataifa mengine yana majina mengine, lakini mwendo ni ule ule. Uingereza wana viza ya muda ya mabadilishano yanayoidhinishwa na serikali, na mwombaji hatakiwi kuomba kabla hajapata cheti cha udhamini kutoka kwa shirika lenye idhini. Ujerumani nao humpokea mwanafunzi wa chuo cha nje kwa mafunzo yanayohusiana na masomo yake, baada ya idara yao ya ajira kuridhia. Kokote uendako, uliza kwanza: ni nani huko ng'ambo aliyeweka saini kwamba atanipokea, na ni nani aliyempa idhini?

Nasi twaongeza hili: kanuni na ada hizi hubadilika, na mwaka mmoja haulingani na mwingine. Tovuti ya ubalozi isomwe wiki ile ile ya kuomba. Asitegemee mtu alichosimuliwa na binamu aliyesafiri zamani, wala asitegemee makala haya peke yake.

Nafasi hutafutwa wapi?

Mama wa nyumba, aliyekuwa akitusikiliza kutoka mlangoni, akauliza swali lililokuwa zito kuliko yote: "Sasa Sheikh, mtoto wa mkulima akatae wakala, atapitia wapi?"

Mlango wa kwanza ni chuo chenyewe. Vyuo vikuu vyetu vingi vina ofisi ya ushirikiano wa kimataifa au ya mafunzo kazini, na wanafunzi wengi huhitimu bila kuwahi kuibisha hodi. Mwalimu aliyesomea nje huwa na wenzake huko, na barua yake moja huweza kufanya kazi ambayo barua mia za kijana asiyejulikana hazitaifanya.

Mlango wa pili ni jumuiya za mabadilishano. Kuna AIESEC, iliyoanzishwa mwaka 1948 na inayoendeshwa na vijana wenyewe, nayo ina matawi hapa Kenya. Na kuna IAESTE, iliyoanza mwaka huo huo wa 1948 huko London, kwa wanafunzi wa sayansi, uhandisi na fani za kiufundi. Desturi ya IAESTE ni ya kubadilishana hasa: nchi hupata nafasi za wanafunzi wake kwa kadiri inavyotoa nafasi za kuwapokea wa wenzao. Shauri hili tutalirudia mwishoni, kwani latuhusu sisi wa Pwani.

Mlango wa tatu ni kuandika mwenyewe. Kijana atayarishe wasifu wa kurasa mbili, matokeo ya mitihani yaliyothibitishwa na chuo, na barua za walimu wawili. Aandikie viwanda na maabara za fani yake, aseme anataka kujifunza nini, kwa muda gani, na atarejea lini kumaliza shahada. Aanze mwaka mmoja kabla. Na kabla ya ng'ambo, afanye mafunzo hapa nyumbani. Kijana wetu alikuwa amezaliwa mwendo wa nusu saa kutoka kiwanda cha chai, na hakuwahi kuingia ndani kuona majani yanavyonyaushwa, yanavyokatwa, yanavyochachushwa na kukaushwa. Mwajiri wa mbali akiuliza "Una ujuzi gani?", jawabu huanzia hapo.

Kiongozi wa njia na ujira wake

Tusije tukafahamika vibaya. Hatusemi kwamba kila wakala ni mwizi, wala kwamba kulipia msaada ni haramu. Mtume wetu alipohama kutoka Makka kwenda Madina alimkodi kiongozi wa njia, Abdullahi bin Uraykit, mtu ambaye hakuwa Muislamu wakati ule lakini alikuwa mjuzi na mwaminifu. Alikabidhiwa ngamia wawili, akaagizwa awalete kwenye pango la Thaur baada ya siku tatu, naye akatimiza. Tazama jinsi mapatano yale yalivyokuwa bayana: kazi yajulikana, mahali pajulikana, siku yajulikana. Wala yule kiongozi hakuuza Madina. Aliuza ujuzi wake wa njia, nao ulikuwa wake.

Huo ndio mpaka. Anayekusaidia kujaza fomu, kutafsiri hati au kukutayarisha kwa mahojiano, ana haki ya ujira wa kazi hiyo. Na yule anayewatafutia watu kazi ng'ambo atakiwa awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na usajili huo waweza kuuhakikisha kabla ya kufungua mkoba.

Wala muhuri peke yake usitutie usingizi. Mwaka 2023 wazazi na wanafunzi waliandamana Eldoret, si mbali sana na Kericho, kwa sababu ya fedha walizolipa katika mpango wa masomo ya Finland na Kanada uliopitia serikali ya kaunti, na shauri likafika mahakamani. Wazazi wale hawakuwa wajinga. Waliona jina kubwa wakadhani linatosha mahali pa hati.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani haizungumzii sala wala saumu. Imo katika Suratul Baqara, nayo ni maagizo ya kuandika deni, pamoja na mwandishi mwadilifu na mashahidi wawili. Na aya inayoifuata yataja hali ya aliye safarini. Mola wetu alijua kuwa fedha na safari zikikutana, ahadi ya mdomo huwa nyepesi.

Uongo mdogo, kifungo kikubwa

Kulikuwa na jambo moja ambalo kijana alilificha mpaka alfajiri. Usiku ule aliondoka bila kuimaliza chai yake, amenuna, nasi hatukumlaumu, kwani ni vigumu kuona ndoto yako ikisomwa kama hati ya mashtaka. Baada ya sala ya asubuhi akatufuata nje, akasema: "Sheikh, aliniambia pia atatia fedha katika akaunti ya baba kwa siku chache, taarifa ya benki ionekane nzuri, kisha atazitoa. Na akanifunza nimwambie afisa kwamba tuna hoteli."

Tukamshukuru kwa kusema kweli, tukamweleza hatari yake. Katika sheria ya Marekani, mwenye kusema uongo wa makusudi au kuwasilisha hati bandia ili apate viza aweza kufungiwa mlango wa nchi ile maisha yake yote. Wakala hatafungiwa. Jina litakaloandikwa ni la kijana. Kwa nini mtoto wa mkulima wa chai aone haya kusema baba yake ni mkulima wa chai? Afisa ataka kujua mambo mawili makubwa: kwamba waenda kujifunza kweli, na kwamba una sababu ya kurudi. Shamba la baba na mwaka mmoja uliobakia chuoni ni sababu nzuri kuliko hoteli ya kubuni.

Tukampa na wasia wa njiani. Pasipoti yako usimwachie wakala wala mwajiri. Mkataba wako acha nakala moja kwa mama na nyingine kwa mwalimu. Kijitabu cha haki za wafanyakazi na wanafunzi wa muda, ambacho sheria ya Marekani ya mwaka 2008 inaagiza waombaji wa viza kama hii wapewe, usikitie mfukoni bila kukisoma, kwani kina namba ya kupiga ukidhulumiwa. Ukifika, tafuta msikiti kabla hujatafuta duka la simu. Na istikhara uswali, lakini isiwe badala ya kusoma karatasi. Mwenye kuomba aonyeshwe njia hafumbi macho.

Yaliyofuata

Ijumaa ile mzee hakulipa. Alimpigia wakala akaomba jina la shirika linalodhamini na nakala ya mpango wa mafunzo, akajibiwa kwamba wenye maswali mengi hawasafiri. Zile shilingi 20,000 hazikurudi hadi leo. Michai ilibaki mikononi mwake.

Jirani yake hakuwa na bahati hiyo. Naye alikuwa na binti chuoni, na alikwisha kulipa nusu kwa wakala yule yule. Kabla ya mwaka kwisha simu ya wakala ikawa haipatikani, na ofisi yake ikawa duka la nguo. Michai ya jirani sasa huchumwa na mtu mwingine, na itachumwa hivyo kwa misimu mitano. Mzee alipotusimulia kwa simu alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kila asubuhi napita kando ya ua wake, Sheikh. Naona wenye vikapu, na yeye amekaa mlangoni."

Kwa maneno hayo ndipo tulipoona kwamba nasaha yetu haikutosha. Kumwambia mtoto wa watu "usipite mlango huu" ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumfungulia mwingine. Tuliporejea Mombasa tulimwendea ndugu mmoja tunayesali naye, ambaye ni msimamizi katika chumba cha kuonjea chai, tukamwomba ampokee kijana yule kwa miezi mitatu ya likizo. Alikubali. Kijana akaja, akalala kwetu, akajifunza kuionja chai ya kwao kwa kijiko kabla ya mnada. Siku ya mwisho alitufundisha kutofautisha chai iliyochachushwa vizuri na iliyochachushwa kupita kiasi, nasi tuliokuwa tukiinywa kwa miaka hamsini na ushei tukaona haya.

Sasa amepeleka ombi lake kwa njia ya chuo, likiwa na barua ya msimamizi yule mbele. Jawabu bado. Huenda akaenda, huenda asiende. Lakini hakuna aliyekodisha michai kwa ajili yake, wala hakuna uongo ulioandikwa kwa jina lake.

Basi twawageukia nyinyi, ndugu zetu wenye hoteli, maghala, karakana, zahanati na ofisi hapa Pwani. Tulisema kuwa katika mabadilishano ya kweli nchi hupata kwa kadiri inavyotoa. Kila kampuni ya Mombasa inayompokea mwanafunzi mgeni kwa mafunzo yaliyoandikwa na kusimamiwa yaweza kumfungulia mwanafunzi wetu nafasi kwa wenzetu. Na kila inayompokea kijana wa Kapkatet, wa Garsen au wa Lungalunga, humpa barua ambayo hakuna wakala awezaye kuiuza. Aliye na nafasi moja, hata ya mwezi mmoja, na alifikishie jambo hili imamu wa msikiti wake au ofisi ya chuo iliyo karibu naye, kabla ya bonasi nyingine kulipwa.

Wabillahi tawfiq.